Mtoto anataka kuwa mhandisi: achague shina kwanza, tawi baadaye

Matokeo ya Exetat yanapotoka, Bukavu nzima inajua. Poda nyeupe inamwagwa vichwani, vijana wanapita Kadutu na Nyawera wakiimba, na mama anayeuza sambaza anafunga meza yake mapema. Furaha hiyo ni haki yetu. Lakini juma moja baadaye swali linaingia nyumbani: sasa atasoma nini? Mtoto aliyepita vizuri katika sayansi mara nyingi hujibu kwa neno moja tu. Anataka kuwa mhandisi, yule tunayezoea kumwita ingénieur.

Hapo wazazi tunafurahi mara ya pili, kisha tunanyamaza, kwa sababu hatujui la kumuuliza. Uhandisi wa nini? Karatasi za vyuo zimejaa majina: umeme, ujenzi, migodi, mekanika, kemia, informatika, petroli na gesi, nishati ya jua, mawasiliano. Kila jina linavutia, na kila jina lina minervali yake. Juu ya minervali kuna chumba cha kupanga, chakula, silabi za kununua na pesa za staji. Hiyo ni miaka mitano ya kuchota katika MUSO, katika AVEC na katika likelemba. Mtoto akigundua mwaka wa tatu kwamba aliingia mlango usio wake, harudi nyuma peke yake. Wadogo zake waliokuwa wanangoja zamu yao wanarudi nyuma pamoja naye.

Basi tuseme mapema jambo ambalo mama anaweza kulishika hata kama yeye mwenyewe hakusoma hesabu nyingi. Katika uhandisi, diploma ya kwanza inafaa iwe pana kama shina la mti: umeme, ujenzi, mekanika, kemia, migodi. Yale majina membamba ni matawi. Tawi huchaguliwa baadaye, wakati kijana ameshaona kazi kwa macho yake. Anayeanza na shina anaweza kupanda tawi lolote, lakini anayeanza na tawi, siku likikauka hana pa kushika.

Mganga wa Panzi naye alipita Polytechnique

Wote tunamjua Daktari Denis Mukwege, aliyeanzisha hospitali ya Panzi mwaka 1999 na kupewa tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2018. Wachache wanakumbuka njia aliyopita. Alimaliza masomo ya sekondari hapa Bukavu, katika Institut Bwindi, mwaka 1974. Kisha akapita miaka miwili katika Polytechnique ya Kinshasa, yaani shule ya wahandisi. Mwaka 1976 ndipo alipobadili njia na kwenda Bujumbura kusomea uganga. Alipata diploma yake mwaka 1983.

Tazama kilichofuata. Diploma ile ya kwanza ilikuwa pana, ya mganga wa magonjwa yote. Mwenyewe alifikiri atakuwa mganga wa watoto. Alipofanya kazi Lemera, katika milima ya upande wa Uvira, aliona wamama wakifa kwa uzazi na wengine wakifika wameumia vibaya. Kazi ndiyo iliyomwonyesha tawi lake. Akaenda Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake na uzazi, kisha akarudi.

Kuna mambo mawili ya kujifunza hapo. Kwanza, kubadili njia mapema si aibu, na miaka miwili ya Polytechnique haikumzuia kuwa alivyo leo. Pili, utaalamu wake haukuchaguliwa kwenye karatasi ya chuo akiwa na miaka kumi na minane. Ulichaguliwa na mahitaji aliyoyakuta kazini, naye alikuwa na msingi mpana wa kumwezesha kuyafuata.

Msichana wa Kikwit na umeme uliokosekana

Kwa uhandisi wenyewe tunaye Mkongomani mwanamke wa kumtaja: Sandrine Mubenga. Akiwa na miaka 17 aliugua ghafla katika mji wa Kikwit na akahitaji kupasuliwa. Hospitali haikuwa na umeme. Alingoja siku tatu hadi mafuta ya jenereta yakapatikana. Alipopona aliamua kwamba atasomea umeme.

Hakutafuta masomo yenye jina la umeme wa hospitali au betri. Alisomea uhandisi wa umeme, ule wa kawaida wenye hesabu, fizikia, saketi na mashine, katika Chuo Kikuu cha Toledo, jimbo la Ohio, Marekani. Diploma ya kwanza aliipata mwaka 2005. Ya pili, master, aliipata mwaka 2008, na hapo alikuwa ameanza kubana uwanja wake: alishughulika na gari linaloendeshwa kwa umeme na haidrojeni. Ya tatu, udaktari, aliimaliza mwaka 2017 juu ya betri za lithiamu na namna ya kuzifanya zidumu. Mwaka 2020 aliwekwa kuongoza ARE, mamlaka inayosimamia sekta ya umeme katika nchi yetu.

Hebu fikiri angekuwaje kama angetakiwa kuchagua betri za lithiamu siku ya kujiandikisha mwaka wa kwanza. Gari za umeme wakati ule hazikuwa na soko kubwa la leo. Shina la umeme lilimngojea mpaka tawi likachipuka.

Jina "ingénieur civil" linawachanganya wengi

Kabla ya kwenda mbali, tusafishe jina moja. Katika mapokeo ya Ubelgiji, ambayo vyuo vyetu vilirithi, "ingénieur civil" si lazima awe mjenzi wa nyumba na barabara. Ni mhandisi wa ngazi ya chuo kikuu, aliyesoma miaka mitano na zaidi, tofauti na mhandisi wa jeshi. Kwa hiyo kuna ingénieur civil wa migodi, wa umeme, wa metali, na kuna wa ujenzi pia. "Ingénieur technicien" ni yule aliyetoka shule ya ufundi wa juu kama ISTA baada ya mzunguko mfupi.

Ng'ambo ya Ruzizi, mjini Kigali, na kwenda Kampala, Nairobi au Dar es Salaam, mambo ni tofauti. Huko, neno linalofanana na hilo kwa Kiingereza lina maana moja tu: mhandisi wa ujenzi, barabara, madaraja na maji. Kijana wetu wa umeme akiandika kwenye barua yake kwamba ni "civil", watampeleka kwenye zege. Na mtoto anayetaka ujenzi akijiandikisha kwetu akidhani kila "ingénieur civil" anajenga, anaweza kujikuta kwenye migodi. Uliza kila mara: civil wa nini?

Miaka mitatu, kisha miwili

Watoto wetu wa sasa wanasoma katika mfumo wa LMD: licence, master, doctorat. Mfumo huo ulitiwa nguvu katika vyuo vya Kongo tangu mwaka wa masomo 2021-2022. Licence ni miaka mitatu, yenye krediti 180. Master ni miaka miwili, yenye krediti 120. Daktari anakuja baadaye. Zamani tulikuwa na graduat ya miaka mitatu na licence ya miwili. Kwa hiyo mama aliyesoma zamani akisikia mtoto "ana licence", asifikiri ni ile yake. Licence ya leo ni diploma ya kwanza.

Kwa mhandisi, mgawanyo huo unasaidia. Miaka ya kwanza hujaa masomo ambayo wahandisi wote wanayahitaji: hesabu za juu, fizikia, kemia, michoro, nguvu za vitu na vifaa, joto na nishati, umeme, na kuandika programu za kompyuta. Shule nyingi za Polytechnique zinawaweka wanafunzi wote pamoja mwanzoni, na nyingine zina mwaka wa matayarisho kabla ya kuanza kabisa. Kuchagua kwa undani kunakuja baadaye. Kwa maneno mengine, mtoto anayelala bila usingizi akijiuliza "umeme au mekanika?" kwa kawaida ana muda wa kufikiri akiwa ndani. Swali analopaswa kulijibu leo ni jingine: je, yuko tayari kushindana na hesabu kila siku kwa miaka kadhaa?

Mashina makubwa, ukiyatazama kutoka Bukavu

Ni rahisi kuelewa uhandisi ukitazama shida zetu wenyewe.

Ujenzi na maji. Jiji letu limekaa juu ya miteremko. Mvua ikinyesha tunaona ardhi inavyoshuka na nyumba zake. Tarehe 3 Februari 2008 tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilitikisa Bukavu na Cyangugu. Mwezi Mei 2023 mafuriko ya Bushushu na Nyamukubi, huko Kalehe, yaliua watu zaidi ya 400. Mhandisi wa ujenzi ndiye anayepima udongo, anayepanga mifereji, anayesema wapi nyumba isijengwe. Matawi yake ya baadaye ni mengi: maji ya kunywa, barabara, madaraja, udongo na maporomoko, majengo yanayostahimili tetemeko.

Umeme. Bwawa la Ruzizi ya kwanza lilianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1950, na uwezo wake ni karibu megawati 30. Ruzizi ya pili, tunayoshirikiana na Rwanda na Burundi, ilifuata mwaka 1989. Mradi wa Ruzizi ya tatu umepangwa kutoa megawati 206. Wakati huohuo mama wa Panzi anapika kwa makala na kungoja umeme urudi usiku. Anayesomea umeme anaweza kuishia kwenye mabwawa, kwenye nishati ya jua, kwenye simu na mawasiliano, kwenye vifaa vya hospitali au kwenye kompyuta.

Mekanika na elektromekaniki. Hapa ndipo turbini, pampu, injini, meli za ziwa na mashine za viwanda. Kila kiwanda kinahitaji mtu anayejua kwa nini mashine imesimama.

Kemia. Wengi husahau shina hili. Lakini Bukavu tuna Pharmakina, inayotoa kwinini katika maganda ya mti wa kinkina, na Bralima ilikuwa ikitengeneza bia na vinywaji hapahapa. Sabuni, dawa, usafishaji wa maji na uhifadhi wa chakula vyote vinapita hapa. Mama anayetengeneza sabuni au juisi kwa kuuza ataelewa haraka kazi ya binti aliyesoma kemia ya viwanda.

Migodi na metali. Jimbo letu linachimba dhahabu, koltani na kasiteriti. Tarehe 11 Septemba 2020 shimo liliporomoka Kamituga baada ya mvua kubwa na watu wapatao 50 wakafa. Kamituga hiyohiyo kuna wanawake wanaotwanga mawe ya dhahabu kutwa nzima, hata wakaitwa "twangaises", wakivuta vumbi. Mhandisi wa migodi anajua kuweka nguzo, kuingiza hewa, kutoa maji shimoni na kupunguza vumbi hilo.

Informatika. Hili ni shina la vijana wengi siku hizi. Ni zuri, ila uliza kama ni uhandisi kamili wenye hesabu na elektroniki, au ni kujifunza kutumia programu za ofisini. Jina ni moja, mambo ni mawili.

Ukitaka kuona kwa nini shina linafaa kuliko tawi, tazama Ziwa Kivu. Chini ya maji yake kuna gesi ya methane nyingi. Upande wa Rwanda, karibu na Karongi, kituo cha KivuWatt kinaitumia kutoa megawati 26. Wanaofanya kazi kama hiyo hawakusoma "gesi ya ziwa" mwaka wa kwanza. Mmoja ni wa kemia, mwingine wa mekanika, mwingine wa umeme, na kila mmoja alijifunza habari za ziwa baadaye. Siku upande wetu utakapoanza, watakaohitajika ni haohao.

Majina mazuri yenye mlango mwembamba

Hatusemi kwamba masomo ya petroli, ya nishati ya jua au ya akili bandia ni mabaya. Tunasema yanafaa zaidi katika master. Mtoto mwenye licence ya petroli na gesi, akirudi Bukavu ambako hakuna kisima cha petroli, atapeleka wapi barua yake? Aliyesoma mekanika au kemia anaweza kwenda kwenye petroli kama nafasi ipo, na kama haipo akaenda kwenye maji, bia, dawa au mabwawa.

Kuna sababu nyingine. Kozi nyembamba ni ghali kuifundisha vizuri. Inadai vifaa vya pekee na walimu wa pekee. Chuo kisicho navyo kitabaki na jina tu mlangoni. Hesabu, fizikia na umeme wa msingi, hata chuo chenye maabara ndogo kinaweza kuvifundisha kwa uaminifu kikiwa na walimu wazuri.

Lakini kama miaka mitano haiwezekani?

Hapa tuseme ukweli, kwa sababu si kila nyumba inaweza kufuata njia ndefu. Baba amefariki, biashara imeanguka, safari zimekuwa ngumu na watoto ni saba. Kumwambia mama huyo angoje master ni kumdhihaki.

Kwake, swali la kwanza ni hili: diploma ya miaka mitatu inaweza kusimama peke yake? Mtoto atoke akijua kufunga umeme wa nyumba bila kuiunguza, kutengeneza pampu, kupima kiwanja, kusimamia ujenzi. Shule za ufundi wa juu zimeundwa kwa kazi hiyo. Thérèse Izay Kirongozi alitoka ISTA ya Kinshasa. Yeye na kikundi chake, Women's Technology, ndio waliotengeneza zile roboti kubwa zilizowekwa kuongoza magari barabarani Kinshasa kuanzia mwaka 2013, zikitumia nishati ya jua. Hakuna anayemwambia kwamba alisoma njia ya watu wadogo.

Hata kwenye njia fupi, kanuni ya shina inabaki. Afadhali ufundi wa umeme kwa ujumla kuliko kozi ya kufunga aina moja ya vifaa. Mtoto anaweza kufanya kazi miaka miwili au mitatu, kusaidia wadogo zake, kisha kurudi kwa master akiwa na pesa zake na akijua anachokitafuta. Ila uliza mapema kama diploma hiyo fupi inakubaliwa kuendelea na master, au itabidi arudie miaka. Jibu hilo lipatikane kabla ya kulipa.

Mlango wa kwanza uko darasa la nane

Wamama, uamuzi mkubwa hauji wakati wa Exetat. Unakuja mapema zaidi, mwisho wa mwaka wa nane, mtoto anapofanya TENASOSP na kuelekezwa kwenye humanités. Ana miaka kumi na tatu au kumi na nne. Hapo ndipo anapoambiwa sayansi, ufundi, pedagojia, biashara au ushonaji.

Na hapo ndipo wasichana wengi wanapotolewa kwenye uhandisi bila mtu kulitaja neno uhandisi. Tunasema: binti aende pedagojia, atapata kazi ya ualimu haraka. Au: ushonaji unamfaa, ataolewa. Pedagojia na ushonaji ni kazi za heshima na zimelisha nyumba nyingi hapa Bukavu. Lakini binti aliyekuwa wa kwanza katika hesabu, akipelekwa huko kwa sababu tu ni msichana, atakuta mlango wa Polytechnique mgumu sana kuufungua miaka minne baadaye. Sheria inaweza kumruhusu kujaribu, ila hesabu na fizikia ambazo hakuzisoma zitamwangusha mwaka wa kwanza.

Kwa hiyo mama mwenye mtoto wa darasa la saba au la nane, msichana au mvulana, atazame buletini yake sasa. Hesabu anapata ngapi? Anapenda kufungua redio iliyokufa aone ndani? Anauliza kwa nini maji yanapanda mlima kwenye bomba? Nenda kwa prefe wa masomo, muulize ana nafasi gani ya sayansi au ya ufundi wa umeme, mekanika au ujenzi. Anayetoka sayansi ana nguvu ya hesabu, anayetoka shule ya ufundi ana mikono iliyozoea kazi. Wote wawili wanaweza kufika, kila mmoja akijaza pengo lake.

Na kuhusu nguo na kofia ya kazini: fundi anavaa suruali kwa sababu ya mashine. Hilo halimwondolei binti heshima ya nyumbani kwake.

Maswali ya kuuliza kabla ya minervali ya kwanza

Chukua karatasi, enda chuoni na mtoto, na uulize bila haya. Pesa ni zako.

1. Chuo hiki kimekubaliwa na wizara kwa kozi hii hasa? Chuo kinaweza kuwa na kibali cha kozi moja na kisiwe nacho kwa nyingine.
2. Mwaka wa kwanza na wa pili wanasoma masomo gani? Omba orodha. Ukikosa hesabu na fizikia humo, jihadhari.
3. Wanafunzi wanachagua tawi mwaka wa ngapi, na wanaweza kubadili?
4. Maabara iko wapi? Omba kuiona, na uliza wanafunzi wangapi wanatumia kifaa kimoja.
5. Walimu wa kudumu ni wangapi, na wanaokuja kufundisha kwa siku chache kutoka mbali ni wangapi?
6. Staji inafanyika wapi na nani anaitafuta, chuo au mzazi?
7. Waliomaliza mwaka jana na mwaka juzi wako wapi leo? Omba kuongea na wawili kati yao, mmoja awe msichana.
8. Mtoto akimaliza licence hapa, master anaweza kuifanya hapa au atalazimika kuhama jiji?
9. Gharama zote za mwaka ni ngapi, si minervali tu? Waambie waandike.

Chuo kizuri hakikasiriki kwa maswali hayo. Kikianza kukasirika, umeshapata jibu lako.

Tawi linaweza kupatikana wapi

Kwa shina lenyewe, zamani wazazi wa Bukavu walifikiri miji miwili: Kinshasa kwa umeme, mekanika na ujenzi, na Lubumbashi kwa migodi, metali na elektromekaniki. Bado ni njia za kuheshimika. Karibu zaidi kuna ULPGL ya Goma, inayofundisha umeme na ujenzi, na hapa kwetu UCB na UOB, ambazo ni vizuri kuziuliza kila mwaka zinafungua kozi gani. Kusoma karibu na nyumbani kunapunguza gharama ya chumba na chakula, na pesa hiyo inaweza kungoja master.

Kwa master, milango inafunguka pande nyingi, na mingine ina msaada wa masomo. Umoja wa Afrika una chuo kikuu chake cha Pan-Afrika: tawi lake la Kenya, kwenye chuo cha JKUAT karibu na Nairobi, lina uhandisi wa ujenzi, umeme na mekanika, na tawi la Tlemcen, Algeria, linashughulika na maji na nishati. Mjini Kigali kuna Carnegie Mellon University Africa, inayotoa master za teknolojia ya habari na za umeme na kompyuta. Vyuo vya namna hiyo vinatazama kwanza kama kijana ana msingi: hesabu, fizikia, alama nzuri. Jina refu la diploma halifichi alama mbaya za hesabu.

Mambo mawili yawekwe akilini mapema. La kwanza ni Kiingereza. Mtoto wetu anasoma kwa Kifaransa, na master nyingi za jirani zinafundishwa kwa Kiingereza. Saa moja ya Kiingereza kila siku kwa miaka mitatu ya licence inagharimu kidogo kuliko mwaka mzima wa kujifunza lugha baadaye. La pili ni karatasi. Katika nchi jirani, diploma ya kwanza ya uhandisi mara nyingi ni miaka minne, na licence yetu ni mitatu, basi mtoto aulize kwa maandishi kama wanaipokea. Akisoma nje na kurudi, diploma yake itahitaji kutambuliwa na wizara huku kwetu. Alama za kila mwaka zitunzwe kwenye bahasha moja isiyoingia maji, nyumbani kwa mama, pamoja na vyeti vya staji.

Juma hili katika vikundi

Tunaomba kila kikundi kitenge nusu saa katika mkutano ujao kwa ajili ya jambo hili. Mama mwenye mtoto wa mwaka wa nane alete buletini yake. Mama mwenye mtoto aliyemaliza Exetat alete karatasi za vyuo anavyofikiria, na msome pamoja yale maswali tisa. Kama kuna dada mtaani kwenu anayesomea umeme, ujenzi au migodi, mwiteni aje kuongea na wasichana. Atawaeleza ni saa ngapi anaamka, hesabu gani zilimliza, na nani alimsaidia wakati nusu ya darasa ilikuwa inasema atashindwa.

Na vikundi vya MUSO vifikirie kitu kimoja zaidi: kufungua sanduku dogo la pekee kwa ajili ya wasichana wanaoingia sayansi, hata kama ni la kununua kikokotoo na vitabu vya hesabu. Binti asiye na kikokotoo cha sayansi darasani ni kama mama aliyepelekwa sokoni bila kipimo. Maandikisho ya mwaka ujao hayako mbali, na mazungumzo haya yanafaa kufanyika kabla ya poda kumwagwa.